Mary McLeod Bethune: Mwalimu, Mchuuzi na Mtumishi wa Umma

Utumishi wa umma una milango mingi. Yuko aingiaye kwa mlango wa elimu akawafundisha wasiojua. Yuko aingiaye kwa mlango wa vijana akawaonyesha njia. Na yuko aingiaye kwa mlango wa riziki akawazoeza watu kuchuma kwa jasho lao wenyewe. Ni nadra kumwona mtu mmoja aliyeingia kwa milango yote mitatu. Ni nadra zaidi mtu huyo kuwa mwanamke mweusi, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, katika nchi na wakati ambapo milango hiyo yote ilifungwa mbele yake. Mary McLeod Bethune wa Marekani alikuwa mtu wa namna hiyo. Umri wake, tangu 1875 mpaka 1955, ulikwenda sambamba na miaka 80 ya historia ya watu weusi wa nchi ile: tangu siku ambazo uhuru wao ulikuwa mchanga, mpaka mwaka mmoja baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuharamisha utengano wa rangi katika shule za umma.

Walakini habari zake hazistahili kusomwa kama hadithi ya sifa tupu. Ndani yake limo swali zito ambalo kila kizazi cha wanyonge hujiuliza. Mnyonge atakaye kuwainua wanyonge wenzake atapata wapi nyenzo za kazi hiyo? Akiomba kwa wenye nguvu, ataweza kusimama wima mbele yao? Akikataa kuomba, atawalisha nini walio nyuma yake? Bibi Bethune aliomba maisha yake yote. Aliomba kwa matajiri, kwa makanisa na kwa marais. Walikuwako waliomwona mwerevu, na walikuwako waliomwona mnyenyekevu kupita kiasi. Hukumu ya haki haiwezi kupatikana ila kwa kuchungua mambo matatu: aliomba nini, alikifanyia nini alichopewa, na ni kitu gani alichokataa kukitoa kuwa badala ya kupewa.

Alizaliwa tarehe 10 Julai, 1875, karibu na mji mdogo wa Mayesville katika jimbo la South Carolina. Alikuwa mtoto wa 15 katika watoto 17 wa Samuel na Patsy McLeod. Wazazi wake na baadhi ya ndugu zake wakubwa walizaliwa utumwani. Yeye alizaliwa huru. Uhuru huo haukuwa na umri mkubwa: vita vilivyoukomesha utumwa vilikwisha miaka 10 tu kabla ya kuzaliwa kwake. Baba na mama walifanya kazi mpaka wakapata kipande cha ardhi cha kulima pamba, na watoto wote, wadogo kwa wakubwa, waliamkia shambani. Bibi Bethune alipenda kusimulia kisa kimoja cha utoto wake. Siku moja alifuatana na mama yake mpaka nyumbani kwa mabwana wa zamani, akaona kitabu, akakishika. Mtoto wa Kizungu wa nyumba ile akamwamuru akiweke chini, kwa kuwa hakujua kusoma. Mtoto mwingine angalilia akasahau. Yeye hakulia, wala hakusahau. Aliondoka pale akiwa na fikira kwamba tofauti kubwa baina ya watu wa nyumba ile na watu wa kibanda chao ilikuwa imefichwa ndani ya kile kitabu.

Haukupita muda mrefu shule ya misheni ikafunguliwa Mayesville chini ya mwalimu mwanamke mweusi, Emma Wilson. Katika watoto wote wa McLeod, Mary ndiye aliyepata nafasi ya kwenda. Alitembea maili zipatazo tano kwenda na tano kurudi, na jioni aliwafundisha nyumbani yale aliyojifunza mchana. Majirani wakamletea barua zao awasomee, na hesabu za pamba yao awahakikishie, maana mkulima asiyejua tarakimu hawezi kumshtaki mnunuzi wa mizani ya uongo. Hivyo kabla hajabaleghe alikwisha kuona kwamba elimu si pambo. Elimu ni kinga ya mali ya maskini.

Masomo ya Mayesville yalipokwisha, njia ilikatika, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na fedha. Msaada ukatoka mahali pasipotazamiwa. Mary Crissman, mshonaji wa nguo aliyekaa Denver katika jimbo la Colorado, alikuwa ameweka akiba kwa ajili ya kumsomesha mtoto mmoja mweusi, na mwalimu wa Mayesville akamchagua Mary McLeod. Mama huyu hakuwa tajiri. Mchango wake ulitoka katika sindano na uzi. Kwa fedha hizo za haba na haba msichana wa shamba la pamba aliingia shule ya Scotia katika mji wa Concord, North Carolina, mwaka 1888, akatoka mwaka 1894. Hapo aliwaona kwa mara ya kwanza walimu weusi na weupe wakifanya kazi pamoja. Mambo haya mawili, akiba ndogo ya mfanyakazi na meza moja ya rangi mbili, yalikaa ndani yake mpaka mwisho.

Kutoka Scotia alikwenda Chicago kusomea umisionari, maana nia yake ilikuwa kuja Afrika kufundisha. Alipomaliza, mwaka 1895, alipeleka ombi lake kwa bodi ya misheni ya kanisa lake. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba hapakuwa na nafasi Afrika kwa wamisionari weusi. Jibu hili lilimuumiza kuliko mengi aliyoyapata baadaye. Bara la babu zake lilifungwa mbele yake na watu waliokuwa wakihubiri udugu. Alirudi kusini, akafundisha Augusta, Georgia, katika shule iliyoanzishwa na mwanamke mweusi mwingine, Lucy Craft Laney, ambaye naye alizaliwa siku za utumwa. Kwa Laney alijifunza kwamba mwanamke aweza kuasisi shule na kuitawala, na kwamba Afrika aliyoitamani ilikuwa mbele ya macho yake, miguu mitupu, katika vichochoro vya Georgia.

Mwaka 1898 aliolewa na Albertus Bethune, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee. Wakahamia Palatka katika jimbo la Florida. Huko alifundisha, akawahudumia wafungwa gerezani, na ili kupata chakula akauza bima ya maisha nyumba kwa nyumba. Biashara ya bima ilimfundisha somo ambalo hakufundishwa Scotia wala Chicago: namna ya kubisha hodi katika nyumba ya mgeni, kueleza jambo lisiloonekana kwa macho, na kuondoka na senti mkononi na urafiki nyuma yake.

Mwaka 1904 alikwenda Daytona, mji wa pwani ya mashariki ya Florida. Wakati ule reli na mahoteli vilikuwa vikijengwa. Matajiri wa kaskazini walikuja kukimbia baridi, na watu weusi walikuja kutafuta kazi ya sulubu. Watoto wa wafanyakazi hawa hawakuwa na shule ya maana. Bibi Bethune alikuwa na dola moja na nusu. Alikodi nyumba ndogo kwa dola 11 kwa mwezi, akamwomba mwenye nyumba amwamini, na tarehe 3 Oktoba, 1904, akafungua shule ya wasichana weusi wa Daytona, shule ya elimu ya vitabu na ya kazi za mikono. Wanafunzi walikuwa wasichana watano pamoja na mwanawe mwenyewe. Makasha yalikuwa viti na meza. Vijiti vilivyochomwa moto vilikuwa kalamu, na maji ya matunda ya porini yalikuwa wino. Magunia yaliyojazwa ukoka uliokaushwa yalikuwa magodoro.

Waswahili husema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mwalimu huyu aligaagaa na upwa wa Daytona kwa maana mbili za neno hilo. Usiku yeye na wanafunzi wake walipika pai za viazi vitamu, wakatengeneza aiskrimu na kukaanga samaki, na mchana wakawauzia wafanyakazi wa ujenzi. Waliokota katika majalala ya mahoteli taa zilizovunjika, sahani zenye ufa na viti vya miguu mitatu, wakavitengeneza vikafaa. Ardhi ya kujengea waliipata katika jalala lenyewe, mahali pa takataka ambapo watu walipaita kwa jina la jehanamu, nayo ililipwa kidogo kidogo kwa faida ya pai. Mwaka 1907 jengo la kwanza likasimama juu ya jalala hilo, likaitwa Jumba la Imani. Wasichana waliokuwa wakisoma humo walijua bei ya kila tofali, kwa sababu walikuwa wamelipika kwa viazi. Uchuuzi huu haukuwa jambo la kando lililosaidia masomo. Ulikuwa somo lenyewe. Msichana aliyejifunza kuhesabu faida na hasara sokoni hakuwa rahisi kudanganywa na tajiri wa mashamba, wala na mume.

Lakini pai peke yake hazijengi chuo. Bibi Bethune akaanza kubisha hodi za wakubwa waliokuja kuota jua. James Gamble, mwenye kampuni kubwa ya sabuni ya Procter & Gamble, alialikwa kuwa mmoja wa wadhamini. Alipofika akakuta kibanda na makasha, akauliza iko wapi shule aliyoitiwa. Bibi Bethune akamjibu kwamba shule hiyo ilikuwa bado akilini na rohoni mwake. Gamble hakuondoka. Alikubali kuwa mdhamini, akaongoza baraza la wadhamini kwa miaka mingi. Thomas White, mtengenezaji wa cherehani, naye akasaidia kwa fedha na vifaa. Wanafunzi waliimba katika mahoteli, na kofia ikapitishwa miongoni mwa wasikilizaji.

Hapa ndipo lawama zilipoanzia. Siku zile wasomi weusi wa Marekani walikuwa wamegawanyika. Booker T. Washington alifundisha kwamba watu weusi waanze na ufundi na uchumi, na haki za siasa zitafuata. W. E. B. Du Bois alipinga, akasema kwamba taifa lisilodai kura na elimu ya juu litabaki kuwa taifa la watumishi. Shule ya Daytona, kwa kufundisha upishi, ushonaji na ukulima, ilionekana kusimama upande wa Washington, na matajiri weupe walipenda kuchangia elimu isiyowatisha. Je, mwalimu huyu alikuwa akiwaandalia wakubwa wapishi na wafuaji?

Matendo yake yalijibu. Kila Jumapili shule ilifungua ukumbi wake kwa wageni wa mji. Sheria na desturi za Florida zilitaka weusi na weupe wakae mbalimbali. Katika ukumbi wa Bibi Bethune hapakuwa na viti vya weupe. Aliyekuja, hata akiwa mwenye mamilioni, alikaa penye nafasi, jirani yake akiwa dobi au mchukuzi. Aliomba fedha ya mgeni, lakini hakumuuzia kiti. Mwaka 1911, baada ya mwanafunzi wake mgonjwa kulazwa katika kibaraza cha nyuma cha hospitali ya weupe, alifungua hospitali ndogo kando ya shule, na humo wauguzi weusi wakafundishwa kazi. Wanawake wa Marekani walipopata haki ya kura mwaka 1920, alifungua darasa la usiku ili watu weusi waweze kuushinda mtihani wa kusoma uliowekwa kuwazuia, akazunguka kutafuta fedha za kodi ya kura. Inasimuliwa kwamba watu wa Ku Klux Klan walikuja usiku wamevaa mavazi yao meupe kumtisha, naye akawasha taa zote za shule, akasimama mbele yao. Kulipopambazuka aliwaongoza wapiga kura wake kituoni. Mtu anayeandaa watumishi watiifu hafanyi hivyo.

Shule ikakua. Mwaka 1923 iliungana na Cookman, shule ya watu weusi iliyoanzishwa Jacksonville mwaka 1872, ikaanza kuwapokea wavulana pamoja na wasichana. Mwaka 1931 ikapewa jina la Chuo cha Bethune-Cookman, na mwaka 1943 ikatoa shahada zake za kwanza za miaka minne. Shule iliyoanza na kalamu za makaa ikawa inatoa walimu wa shule nyingine, na kwa njia hiyo swali la ufundi au vitabu likajibiwa kwa vyote viwili.

Kutoka darasani aliingia uwanja mpana. Tangu 1924 mpaka 1928 aliongoza chama cha taifa cha vilabu vya wanawake weusi. Mwaka 1935 aliunganisha vyama vingi vikawa Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, akaliongoza mpaka 1949. Aliona kwamba wanawake weusi walikuwa na nguvu nyingi zilizotawanyika, kama kuni zilizoachwa mbalimbali: kila moja hutoa moshi, zikikusanywa hutoa moto.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Uchumi wa Marekani ulianguka mwaka 1929, na kufika 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Vijana waliacha masomo kwa kukosa nauli na viatu, na mitaani hakukuwa na ajira. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt alianzisha Shirika la Taifa la Vijana. Kazi yake ilikuwa ya namna mbili. Kwa vijana waliokuwa shuleni, lililipa ujira mdogo wa kila mwezi kwa kazi za maktaba, maabara au jikoni, ili waendelee na masomo. Kwa walioacha shule, lilifungua kazi za ujenzi na ufundi ambamo walijifunza huku wakilipwa. Bibi Bethune aliitwa kwanza katika kamati ya ushauri. Mwaka 1936 akapewa kusimamia mambo ya vijana weusi, na mwaka 1939 ofisi yake ikawa idara kamili. Hakuwa ametangulia mwanamke mweusi mwingine kuongoza idara ya serikali kuu ya Marekani.

Ugumu wa kazi hii haukuwa Washington. Ulikuwa katika majimbo. Fedha za shirika zilipita katika mikono ya wasimamizi wa majimbo, na kusini wengi wao waliona ni jambo la kawaida kijana mweusi kupewa mabaki. Bibi Bethune alisafiri maelfu ya maili akikagua, akidai hesabu, na akisisitiza kwamba maafisa weusi waajiriwe katika ofisi za majimbo, maana alijua kwamba karatasi ya haki isiyo na mtu wa kuisimamia ni karatasi tu. Alipata pia mfuko maalumu kwa wanafunzi weusi wa vyuo, ambao kutoka 1936 mpaka 1943 uliwasaidia zaidi ya wanafunzi 4,000 kwa zaidi ya dola 600,000, naye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika kuugawa. Alisaidia vyuo vya weusi viingizwe katika mpango wa kufundisha marubani wa kiraia mwaka 1939, wakati ambapo jeshi la anga halikumpokea rubani mweusi hata mmoja. Kadhalika aliwakusanya wenzake weusi waliokuwa na vyeo serikalini, wakawa wakikutana nyumbani kwake siku za Ijumaa, wakapatana la kudai kabla ya kulidai.

Hapa lawama ya pili ikazuka, na ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Mfuko maalumu wa weusi, idara ya weusi, miradi ya weusi: je, si utengano ule ule uliopakwa rangi ya serikali? Swali hili halikuwa la chuki, na msomaji wa leo hana haki ya kulidharau. Bibi Bethune hakupenda utengano. Alisema hadharani dhidi yake, na katika mikutano ya serikali alidai sehemu sawa katika mipango yote. Lakini aliamini kwamba kijana wa miaka 18 mwenye njaa mwaka 1936 hawezi kungojea mpaka sheria za 1950 ziandikwe. Nusu shari kuliko shari kamili. Alichukua nusu, akaitumia kudai iliyobaki. Huenda aliyekataa nusu alikuwa na mikono safi zaidi. Aliyeipokea alikuwa na wanafunzi 4,000 waliobaki vyuoni. Historia haimlazimishi mtu kuchagua mmoja na kumlaani mwingine, maana kesi iliyovunja utengano mwaka 1954 ilihitaji wote wawili: wakaidi wa kudai kila kitu, na mawakili, walimu na wazazi waliosomeshwa kwa kile kidogo kilichopatikana.

Ajabu ni kwamba upande wa pili ulimwona mwasi. Mwaka 1943 mbunge Martin Dies alimtaja kuwa mkomunisti. Mwanamke huyo huyo aliyelaumiwa kwa upole alishitakiwa kwa uasi. Mwaka ule ule Bunge likalifunga Shirika la Vijana, kwa kuwa vita vilikuwa vimeleta ajira na wapinzani wa Rais walikuwa wamepata nguvu.

Mchuuzi wa pai hakufa ndani ya mkuu wa idara. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya bima ya maisha ya Central katika mji wa Tampa, na baadaye akawa rais wake. Sababu ya biashara hii yafaa kueleweka. Makampuni ya weupe yaliwakataa weusi au yaliwatoza zaidi, na mabenki hayakuwakopesha. Kampuni ya bima iliyokusanya senti za wafuaji na wavuvi ilikuwa na mtaji wa kuwakopesha wajenzi wa nyumba na wenye maduka wa mtaa wao. Tena, mwaka 1943 yeye na wenzake walinunua zaidi ya maili mbili za pwani kusini ya Daytona, maana weusi walikatazwa kuoga baharini katika fukwe za mji ule, ingawa wao ndio waliozifagia. Pwani hiyo ikaitwa Bethune-Volusia, na viwanja vyake vikauzwa kwa familia nyeusi. Mkono mtupu haulambwi, naye alitaka watu wake wasiende kwenye meza ya taifa na mikono mitupu.

Kuna tukio dogo linaloonyesha mpaka wa unyenyekevu wake. Mwaka 1938 ulifanyika Birmingham, jimbo la Alabama, mkutano wa watu waliotaka hali ya kusini itengenezwe. Mwenyekiti alimwita jukwaani kwa jina la Mary, kama watumishi walivyoitwa, ilhali wanawake weupe waliitwa kwa heshima. Alisimama akasema kwamba jina lake ni Bibi Bethune, na akaitwa hivyo. Mtu aweza kusema kwamba hili ni jambo la herufi chache. Lakini mama yake aliitwa Patsy na kila mtoto wa bwana wake. Neno Bibi lilikuwa safari ya vizazi viwili.

Mwaka 1945 alikuwa San Francisco pamoja na Du Bois na Walter White, wakiwa washauri wakati Umoja wa Mataifa ulipoundwa. Hivyo mwanafunzi wa njia ya ufundi na mtetezi wa njia ya kura walikaa upande mmoja wa meza, wakisemea watu wa makoloni. Mwaka 1952 serikali ya Marekani ilimtuma Liberia kuwa mmoja wa wajumbe wake katika kuapishwa kwa Rais William Tubman. Miaka 57 ilikuwa imepita tangu alipoambiwa kwamba Afrika haikuwa na nafasi yake. Aliwasili akiwa na umri wa miaka 76, mjumbe wa taifa zima, akapokewa kwa taadhima na kutunukiwa nishani.

Alifariki Daytona tarehe 18 Mei, 1955, mwaka mmoja na siku moja baada ya hukumu ya Mahakama Kuu juu ya shule. Alizikwa katika uwanja wa chuo chake, juu ya lile lililokuwa jalala. Kabla ya kufa aliandika wasia kwa watu wake. Hakuwa na utajiri wa kugawa, akawaachia upendo, matumaini, kiu ya elimu, heshima ya madaraka na wajibu kwa vijana. Mwaka 1974 sanamu yake ilisimamishwa katika bustani ya umma ya Washington, na mwaka 2022 nyingine ikawekwa katika ukumbi wa Bunge la Marekani kwa niaba ya jimbo la Florida, mahali palipokuwa na sanamu ya jemadari aliyepigana upande wa wenye watumwa. Chuo chake, ambacho tangu 2007 ni chuo kikuu, kinaendelea kufundisha.

Basi lile swali la mwanzo linapata jibu lake. Aliomba vitu: fedha, mbao, vitabu, kazi, nafasi. Alivyopewa hakuvifanya vyake. Kila kilichopita mkononi mwake kilimfikia mtu mwingine: mtoto wa Daytona, kijana wa shirika, mjane mwenye bima ya senti. Na alichokataa kukitoa kilikuwa kimoja tu, heshima: kiti cha ukumbini, jina lake jukwaani, kura ya jirani yake. Kuomba kwake kulikuwa kazi, kwa kuwa alijua mpaka wa ombi. Watumishi wa umma wa leo, wanaopokea misaada ya matajiri na ya serikali kwa ajili ya shule, vijana na biashara ndogo, wamo katika njia ile ile. Nao wataulizwa maswali yale yale matatu, na majibu hayatatafutwa katika hotuba zao. Yatatafutwa kwa watu walioachwa nyuma yao: kama walibaki waombaji, au kama nao walipata cha kuwapa wengine.